Mnaolia sequel imechelewa: njooni niwasimulie shemeji yangu wa Likasi na Part 2 ya barabara ya Kapolowe

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye console na wenye simu zilizopasuka vioo.

Nimepita kwenye uzi mmoja humu jukwaani, watu wanatukana hadi bibi za developers kisa game imechelewa. Eti inatengenezwa engine mpya kwa ajili ya console za kizazi kipya, kwa hiyo mashabiki wavumilie. Kuna jamaa ameapa kwamba alianza kusubiri hajaoa, sasa anasubiri pamoja na watoto wake.

Nimecheka peke yangu mpaka wife akaja kuangalia nasoma nini.

Mimi kusubiri sequel nakujua, tena kwa upande wa pili wa kaunta. Niliwahi kusimama mlangoni kuwajibu wateja wanaodai Part 2, na wateja wenyewe hawakuwa watu wa kuandika comment wakalala. Walikuwa wachimba shaba walioachishwa kazi, wenye mikono mikubwa na muda mwingi.

Ninachoandika kimetokea ndani ya familia yangu, na wahusika wako hai. Atakayeona ni chai aongeze sukari anywe.

Twende.

Mimi ni mzaliwa wa Likasi, Katanga, Congo, enzi hizo ikiitwa Zaire. Siku hizi niko Dar na Kiswahili changu mmeshakinyoosha kwa kunicheka, kwa hiyo nitaandika kama nyie. Ila wahusika wakifungua mdomo nitawaacha waongee kama kwetu. Nikiwatia Kiswahili cha Dar watakuwa watu wengine.

Miaka ya tisini mambo kule yalikuwa yameoza. Mgodi umesimama, mishahara ni hadithi, pesa uliyopokea asubuhi ikifika jioni unaweza kuwashia mkaa. Mimi nilikuwa nasoma chuo Lubumbashi. Chuo kikafungwa, nikarudi Likasi na ndevu na hasira, nikafikia kwa dada yangu Honorine mtaa wa Kikula.

Dada alikuwa ameolewa na jamaa anaitwa Faustin. Kwetu shemeji tunamwita mulamu, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa mulamu kwa mulamu.

Faustin alikuwa mchora ramani za mgodi. Mtu wa rula, kalamu nyembamba na kukunja uso. Ukimwuliza choo kiko wapi, anakuchorea na mshale wa kaskazini.

Ofisi yao ilipofungwa, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba badala ya mshahara. Mmoja alibeba viti, mwingine feni, mwingine mlango mzima na bawaba zake. Faustin akaja nyumbani anasukuma mkokoteni umejaa karatasi za kuchorea, yale marola marefu.

Dada aliyaangalia, akauliza kama yanapikwa na chumvi au bila.

Sasa hapo ndipo lilipozaliwa game.

Nyumbani kulikuwa na televisheni iliyokufa zamani. Faustin akaitoa matumbo yote, likabaki boksi na kioo. Ndani akaweka magogo mawili membamba, moja juu moja chini, akazungushia rola la karatasi. Kwa nyuma akatoboa tundu la mpini. Yeye anakaa nyuma anazungusha mpini, karatasi inatembea, na wewe mbele unaona barabara inakujia.

Mbele ya kioo kulikuwa na kigari cha waya kwenye fimbo, na usukani wa mfuniko wa kopo la rangi. Ukikata kulia kinaenda kulia. Kazi yako ni kubaki barabarani.

Mtauliza, ukitoka barabarani nani anajua? Mimi. Nilikaa pembeni na kijiko na sahani ya bati. Gari likigusa ukingo, nagonga sahani, umekufa, toka kwenye kiti. Siku hizi kuna code ndefu ya kufanya kazi hiyo, mnaiita collision detection. Sisi ilikuwa mimi, na nilikuwa napokea rushwa ya karanga.

Wakuu, lile game lilichanganya mtaa.

Kwa sababu barabara haikuwa ya kubuni. Faustin alichora Likasi yenyewe kama ndege anavyoiona: kituo cha treni, soko la Kikula, mashine ya kusaga, kanisa la maombi lenye bati jekundu. Na mashimo yote mahali pake. Alishika baiskeli akaenda kuyapima. Hakukubali kubuni hata shimo moja, alisema mchora ramani anayebuni ni mwongo mwenye rula.

Kwa hiyo watu wazima walikuwa wanajadili mbinu. "Pale mbele ya mashine shika kushoto, lile shimo la juzi ameshaliongeza." Patch notes, yaani taarifa za marekebisho, zilitoka kila mvua ikinyesha.

Malipo tulipokea chochote: kikombe cha unga, kipande cha sabuni, mkaa. Uji ukarudi mezani. Na bingwa wa mtaa mzima alikuwa dada yangu Honorine. Alikuwa anaendesha na mtoto mgongoni, anaongea na jirani, na hagusi ukingo. Mumewe nyuma anazungusha mpini huku anacheka. Nyumba ilikuwa na furaha, nasema kweli, na nje kila kitu kimeanguka.

Tatizo la game ni kwamba lilikuwa na mwisho. Rola lilipoisha, barabara iliishia kwenye kizuizi cha kutokea mjini, na mwanajeshi amechorwa amenyoosha mkono. Mchezo umekwisha.

Waliofika pale wote waliuliza swali lile lile. Baada ya mwanajeshi kuna nini?

Siku moja Faustin, uwanja wa nyumba umejaa watu, sifa zikampanda. Akasimama akatangaza kwamba kuna Part 2 inakuja, na barabara itafika mpaka Kapolowe.

Kapolowe ni kijiji chenye misheni, kwenye njia ya kwenda Lubumbashi. Ndiko kwa mama yetu. Ni mwendo wa siku nzima ukisukuma baiskeli yenye mzigo.

Watu walipiga makofi. Dada alipiga makofi. Nami nikapiga sahani.

Tungeunga tu rola la pili pale pale, kwa mashine ile ile, tukawa tumetoa sequel wiki ile. Lakini shetani ana njia zake, na mtaani kwetu alipitia kwa Papa Gédéon.

Papa Gédéon alikuwa mfanyabiashara, shemasi wa kanisa, mtu wa kwenda Zambia na kurudi. Safari hiyo alirudi na televisheni ya rangi na console ya kaseti. Mpira wa miguu. Wateja walianza kwa sala, wanamkabidhi Bwana mikono yao, halafu wanachezeana rafu mpaka mchana.

Faustin akaenda kuangalia. Mimi nilimsindikiza. Alisimama mlangoni kwa Papa Gédéon muda mrefu, hakuangalia wachezaji wala magoli. Aliinama akaangalia nyuma ya televisheni.

Kurudi nyumbani hakula. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Ile yao inatembea yenyewe. Nyuma haiko muntu."

Hapo ndipo tulipompoteza.

Mimi nilimwambia ukweli. Papa Gédéon anategemea umeme, na umeme wetu mnaujua. Bwawa la Koni liko karibu na sisi, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu zikienda kwa wenye bahati, na kwetu unakuja kusalimia na kuondoka. Ukikatika, wateja wote wa Papa Gédéon wanahamia kwetu na unga wao. Game letu lilikuwa linatumia mkono. Hiyo ilikuwa silaha yetu ya pekee.

Hakunisikia. Alishaamua kwamba Part 2 haiwezi kutoka kwenye mashine ya zamani. Lazima mashine mpya kwanza.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo mchora ramani peke yake ndiye angeweza kulifanya kuwa tatizo. Kipimo. Part 1 alichora mji kwa kipimo kile kile cha ramani za mgodi. Sasa kutoka kizuizini mpaka Kapolowe ni vichaka. Kichaka, kichuguu, kichaka, kijito, kichaka. Mtu mwenye akili anachora vichaka vitatu anaandika "mbele kidogo", anafika. Faustin akasema hapana. Kipimo kimoja mpaka mwisho, ama si ramani.

Nyie leo mnasifia open world kubwa ambayo unatembea nusu saa hujakutana na mtu. Sisi tulishakuwa nayo.

Hesabu yake ikatoa rola nene kiasi kwamba boksi la televisheni halilibebi, na mkono hauzungushi. Kwa hiyo boksi kubwa zaidi, magogo manene zaidi, mnyororo wa baiskeli na pedali.

Wateja walikuja wakakuta duka limefungwa. Wakasema sawa, basi tupeni hata Part 1 tuchezee wakati tunasubiri. Haiwezekani. Magogo ya zamani ameshayachonga kuwa kitu kingine, na rola la zamani ni jembamba kwa mashine mpya. Hakuna backward compatibility. Nilivyowaeleza hivyo kwa Kiswahili cha Likasi, mmoja alinishika shati.

Unga ukakoma kuja.

Mvua za kwanza zikaanza kunukia. Kwetu hiyo ni saa ya kulima. Honorine alifunga nguo za watoto kwenye kitenge asubuhi moja, akaja uani ambako mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mnyororo.

"Minye nakwenda ku Mama, tutalima," akamwambia. "Weye ikala na karatasi yako."

Hakupandisha sauti. Faustin akajifuta grisi, akamwahidi kwamba game likiisha atakuja nalo Kapolowe, mji mzima wa wakwe walione, na atawarudisha wote nyumbani. Dada akamwangalia usoni, akaitikia kwa kichwa. Nadhani aliamini. Nami niliamini, nilikuwa kijana msomi mjinga.

Sasa hapa wakuu lazima niwaeleze jambo la kwetu, msije mkamwona Faustin ni kichaa tu.

Mwanaume wa kwetu haendi ukweni mikono mitupu. Haiwezekani. Ukienda unabeba kitu: sukari, chumvi, kitenge cha mama mkwe, kuku, chochote. Na Faustin hakuwa na chochote. Mtu aliyekuwa anavaa tai na kupokelewa ukweni kwa vigelegele, leo aende na nini? Lile boksi ndilo lilikuwa kuku wake. Na kuku wa kupeleka ukweni hawezi kuwa amekonda.

Mimi nililijua hilo na bado nilikasirika naye. Nilimpenda, na kuna siku nilitamani kumpiga na sahani yangu.

Basi, development ikaanza rasmi.

Mashine ya pedali ilikamilika. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Tukaijaribu, karatasi ikatembea, nikapiga makofi. Faustin akashuka kwenye pedali akasema bado kuna mtu nyuma. Akaivunja.

Kizazi cha tatu kilikuwa cha mota. Aliipata kwa yule jamaa aliyebeba feni kutoka ofisini. Mota ilikuwa na mbio, ilichana karatasi. Akaweka magurudumu ya kupunguza mwendo. Ikawa polepole mno, gari linatambaa kama linaenda kuungama dhambi. Akaongeza. Ikachana.

Halafu akaamua na mimi niondolewe. Akachukua shaba, kitu ambacho Katanga hatujawahi kukosa, akaifua nyembamba, akaanza kubandika utepe wa shaba kwenye kingo zote za barabara, kushoto na kulia, ili gari likigusa kengele ilie yenyewe. Kingo zote. Mpaka Kapolowe. Nilipoteza kazi kwa automation mwaka ule, kabla nyie hamjaanza kuiogopa.

Habari za dada zilikuja na mama mmoja muuza unga aliyekuwa anatoka Kapolowe na baiskeli. Mara ya kwanza alisema mahindi yameota vizuri, na Honorine anauliza Part 2 iko wapi. Faustin akajibu, karibu.

Akaja tena. Mahindi yamefika kiunoni. Mtoto wa mwisho ameanza kutembea. Honorine anauliza. Karibu.

Nikamwambia Faustin twende tukamwone mtoto anavyotembea, game litakuwepo tukirudi. Akaniuliza, macho hayapo kwangu, "Nitafika ku bukwe na mikono ya bule?"

Yule mama akaja mara ya tatu. Wamevuna. Honorine ametuma gunia la unga. Hakuuliza kitu.

Unga tuliupika tukala. Kuulizwa kila mara kulikuwa kunaudhi, lakini kutoulizwa ndiko kulikonitisha.

Wakati huo Papa Gédéon naye alikuwa amehama kizazi. Amekwenda tena Zambia akaleta console ya CD. Kaseti zote za zamani haziingii, amezifanya za kuzuia mlango. Kwa hiyo Faustin anahangaika kumfikia mtu ambaye ameshaondoka pale alipokuwa. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akauliza ile CD inazungushwa na nini. Nikainuka nikaenda zangu.

Msimu wa pili wa kulima ukapita hivyo.

Halafu siku ikafika, game likakamilika. Sikuamini. Boksi kubwa kama kabati, rangi ya kijani, mota, kengele, shaba inang'aa kingo zote. Faustin alinyoa ndevu, akavaa tai. Tukatangaza. Jumapili baada ya kanisa uwanja ukajaa, na Papa Gédéon mwenyewe akaja kukaa mbele na Biblia mapajani.

Umeme ulikuwepo. Kapewa usukani mchimbaji mmoja mkubwa, yule aliyewahi kunishika shati. Faustin akabonyeza swichi, kisha akaja mbele, akasimama na sisi. Mara ya kwanza kusimama mbele ya game lake. Nyuma hapakuwa na mtu.

Karatasi ikaanza kutembea yenyewe. Watu wakasogea karibu. Kituo cha treni. Soko. Bati jekundu. Yule mwanajeshi akaja, amenyoosha mkono, na safari hii gari likampita. Uwanja mzima ukashusha pumzi.

Kichaka cha kwanza kikatokea.

Umeme ukakatika.

Kilichofuata mnaweza kukadiria. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua. Papa Gédéon hakucheka, namheshimu kwa hilo, alisema tu kwamba na kwake pia umekatika. Mmoja akapaza sauti, zungusha kwa mkono. Faustin akasema haina mpini. Alikuwa ameung'oa, tundu akaliziba na kupaka rangi.

Watu wakatawanyika. Yule mama muuza unga alikuwa amesimama getini na baiskeli yake, amesubiri watu waishe. Akamwita Faustin pembeni, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Honorine anasema usikuye tena kumutwala," akamwambia, yaani asiende tena kumchukua. "Alishazoea kule."

Faustin akashukuru. Akamsaidia kugeuza baiskeli. Akaja akakaa chini na tai yake, mgongo ameegemea lile boksi, akalia. Mimi sikuwa nimewahi kumwona mwanaume wa umri wake akilia mchana kweupe. Nilikaa naye.

Alipomaliza aliinuka akachukua bisibisi.

Akang'oa mota. Akang'oa kengele. Akazibua lile tundu, akarudisha mpini. Lakini boksi kubwa halingepanda baiskeli, kwa hiyo mpini akauhamishia kwenye lile la televisheni, akalichongea magogo mapya, likabeba rola moja tu, la mwisho, la kuingia Kapolowe. Nikamwambia na yale mengine je? Akasema yale mengine tutayatembea.

Alfajiri tukaondoka, boksi limefungwa nyuma ya baiskeli, yeye anashika usukani mimi nasukuma. Tunapishana na wauza mkaa wanaoingia mjini, wanatuangalia tunavyopeleka televisheni iliyokufa porini.

Kizuizini yule mwanajeshi alikuwepo, wa kweli. Alinyoosha mkono kama alivyochorwa. Tukampa sabuni yetu ya mwisho.

Na baada ya mwanajeshi, wakuu, kuna vichaka. Vilikuwa pale pale Faustin alipovichora, kipimo sahihi. Ila tulipokaribia Kapolowe akasimama ghafla, akaanza kufungua kamba.

"Hii muti haiko tena," akasema, anaonyesha kisiki. "Ngoja niifute."

Nikamwambia akifungua hilo rola mimi narudi Likasi na baiskeli. Akaniangalia kama ananipima. Akafunga kamba.

Tulifika jua likiwa linaegemea. Kwa mama yetu kuna nyumba ya matofali, ghala la mahindi, kuku, na kibarabara kinachoingia. Faustin alisimama mwanzo wa kibarabara hicho, hakuingia, mkwe hajiingizi. Mama alipomwona alitoka kwa mlango wa nyuma, kwa heshima, akamwachia uwanja.

Honorine alitoka jikoni. Amekonda kidogo, mikono imekuwa ya jembe. Alinisalimia mimi kwanza, kwa muda mrefu kuliko kawaida. Watoto walimrukia baba yao, na yule mdogo ambaye tulimwacha mgongoni alikuja kwa miguu yake, akasimama mbali, hamjui. Faustin alimwangalia yule mtoto, na niliona kwenye uso wake hesabu yote ikifanyika.

Alifungua boksi, akaliweka juu ya kinu kilichogeuzwa, akaenda nyuma. Honorine akasimama, mikono kiunoni. Nikafikiri atalipiga teke. Angekuwa na haki.

Akavuta kigoda, akakaa, akashika usukani.

Mpini ukaanza kulia. Vichaka. Kijito. Vichaka. Mama alikuwa amerudi kuchungulia, akasinzia wima mlangoni. Dada hakugusa ukingo hata mara moja, na hakuna aliyegonga sahani. Halafu misheni ikatokea, ikapita, na kibarabara, na ghala, na nyumba ya matofali. Faustin alikuwa ameichora karibu, hapo peke yake alipokivunja kipimo chake. Mlangoni amechorwa Honorine. Mama kando. Watoto wote, mdogo yuko mgongoni. Hata kuku.

Karatasi ikafika mwisho, ikagoma.

Dada aliangalia ile picha kwa muda. Akaweka kidole kwenye kioo, akakipitisha kwa mmoja mmoja.

"Na weye uko wapi hapa?" akauliza.

Kutoka nyuma ya boksi Faustin akajibu, "Minye niko huku nyuma. Niko nazungusha."

"Basi acha kuzungusha," dada akasema. "Kuya ukule."

Akala. Hakurudi tena Likasi. Mimi ndiye niliyerudi kufunga nyumba ya Kikula, na wateja walinisubiri mlangoni. Nikawaambia Part 2 imetoka, ila ni exclusive ya Kapolowe, haichezwi kwingine. Mashine ya kizazi cha tatu, ile kubwa ya kijani, kwanza iligeuzwa kabati la mtu, na mara ya mwisho naipita kuku alikuwa anaatamia ndani.

Faustin analima mahindi mpaka leo. Mistari ya shamba lake imenyooka, majirani wanamcheka. Wajukuu wakimwonyesha game la magari kwenye simu, anauliza kipimo chake ni ngapi.

Wiki hii niliposoma ule uzi wenu niliwapigia. Nikamweleza mulamu kwamba watu wa dunia nzima wanasubiri game, wenyewe wanasema wanajenga mashine mpya. Kwa huruma kabisa akaniambia niwaombe muwape muda, mashine ni ngumu. Nikasikia mtu anamnyang'anya simu.

Ilikuwa dada. Akasema, "Bambie barabara ya Kapolowe ilikuwaka pale siku yote." Yaani niwaambie kwamba ilikuwepo pale siku zote.

Hilo ndilo nililojifunza, wakuu, na silisemi kwa developers peke yao. Kuna mtu mahali anakusubiri wewe, na wewe uko uani unabandika shaba. Yeye ameshaacha kuuliza.

Haya, ukumbi ni wenu. Wa kumtukana shemeji yangu atukane kwa adabu. Lakini kabla ya hapo kila mmoja aseme ukweli wake: Kapolowe yako iko wapi, na umekwama kwenye mashine ya ngapi?